Mwalimu Penseli Anaondoka Miaka Miwili Kabla ya Wakati

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mratibu wetu wa mtaala wa madarasa ya juu anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kanuni zinamruhusu kubaki mpaka sitini, na hakuna aliyemwambia aondoke. Kamati ya sherehe imenitaka niandike wasifu wake, uwe wa ukurasa mmoja na wa kuchangamsha, kisha niusome mbele yenu. Kuchangamsha nitajaribu. Huo ukurasa mmoja, naomba radhi mapema.

Alikuja hapa akiwa mwalimu wa jiografia. Chumba chake cha kwanza kilikuwa stoo ya ramani nyuma ya maktaba, yenye dirisha moja lisilofunguka. Waliokuwepo wanasimulia kwamba wiki ya kwanza tu alikuta mwanafunzi amechora mto unaopanda mlima. Hakumgombeza. Alimpa ndoo ya maji, akamtuma aende akaimwage kwenye ngazi za ukumbi aone maji yanaelekea wapi. Mtoto alirudi viatu vimelowa chapachapa, na mto ukashuka.

Miaka tisa baadaye akakabidhiwa madarasa ya juu, na hapo ndipo wengi wetu tulipomjua. Kwa faida ya wageni, nieleze kidogo kazi yenyewe. Mwanafunzi anapoingia miaka yake miwili ya mwisho huchagua masomo sita, matatu ayasome kwa ngazi ya juu na matatu kwa ngazi ya kawaida. Ukisikia hivyo unadhani ni jambo la dakika tano. Kumbe somo moja likikaa pasipo pake, chuo kinamkataa mtoto miaka miwili baadaye, wakati hakuna tena cha kurekebisha. Hisabati ndiyo sumbufu kuliko yote, maana zipo za aina mbili. Ipo Hisabati ya Uchambuzi, ambayo vyuo vya uhandisi vinaidai, na ipo Hisabati ya Matumizi, ambayo inafaa kwa mambo mengi mazuri lakini si kwa uhandisi. Naomba mlishike hilo, tutalihitaji.

Fomu ya machaguo, kwake, hujazwa kwa penseli. Ukija na kalamu ya wino unarudishwa mlangoni. Kwa wiki nne mwanafunzi anaruhusiwa kubadili mawazo, na akitaka kubadili lazima akae. Ofisini kwake kuna viti viwili vinavyotazamana, na haijapata kutokea mbele yake tiki ikahamishwa na mtu aliyesimama. Yeye husema mtu aliyesimama yuko njiani kwenda kwingine, hawezi kukwambia anachoogopa. Wakishaongea, pembeni mwa fomu anaandika neno moja tu, lile ambalo mtoto analiota. Kuna fomu zilizoandikwa meno, zilizoandikwa mahakama, na moja iliyoandikwa sijui bado, ambayo alituambia ndiyo ya ukweli kuliko zote mwaka ule. Siku ya kufunga anamwita kila mmoja, anamsomea masomo yake sita kwa sauti, halafu yeye mwenyewe anapitisha wino juu ya penseli. Watoto wakambatiza Mwalimu Penseli, na jina likamganda hadi wazazi wakawa wanaliandika kwenye bahasha.

Mimi nilifika hapa miaka kumi na saba iliyopita kufundisha kemia. Wanafunzi wananiita Bwana Moshi, na sababu yake ilitokea maabara namba mbili, tusiichimbe. Mwaka wangu wa pili tu nilikuwa nimeshaanza kumwita dada, naye akaniita mdogo wangu, na mumewe, mpima ardhi ambaye sasa amestaafu, akawa shemeji yangu wa hiari. Siku hizo ratiba nzima ilipangwa kwa kadi za rangi sita juu ya meza yake, kadi mia mbili na ushee. Mchana mmoja wa joto niliingia kumsabahi, nikaona anatoka jasho, nikamwashia feni. Lo! Kadi zote zikaruka, nyingine zikatoka dirishani. Kosa lile niliungama papo hapo, maana feni ilikuwa bado inazunguka na kidole changu kilikuwa bado kwenye swichi. Alizirudisha zote kwa kumbukumbu ndani ya saa mbili, akikosea kadi moja tu, nayo ilikuwa ya kipindi changu. Mpaka leo anashikilia kwamba hiyo hakukosea.

Mafanikio yake ni mengi na hayataki chumvi. Ndiye aliyeleta utaratibu wa insha ndefu ya mwaka wa mwisho, ambapo mwanafunzi lazima aweze kulitamka swali lake kwa pumzi moja. Akishindwa, anarudi kulipunguza. Ndiye aliyepigana mpaka watoto ambao lugha za nyumbani kwao hazina mwalimu hapa wakaruhusiwa kusoma fasihi zao wenyewe kwa usimamizi, na wa kwanza alikuwa peke yake darasani, na mitihani akafaulu vizuri. Kuna baba aliyekuja juu akitaka kijana wake achukue sayansi tatu kwa ngazi ya juu. Mwalimu Penseli alimkalisha yule baba kwenye kiti cha mwanafunzi, akampa fomu tupu, akamwambia ajaze ya kwake mwenyewe, masomo ambayo angeyachukua lau angekuwa na miaka kumi na sita. Baba akajaza muziki. Walimaliza wakicheka wote wawili, na kijana akabaki na sayansi mbili na historia.

Mpaka hapo nilikuwa nimeandika bila shida, wiki tatu zilizopita, nikijiona fundi. Aya iliyofuata ilitakiwa ihusu umakini wake. Niliandika kwamba katika miaka ishirini na miwili ya uratibu alikosea fomu moja tu. Halafu nikashindwa kuendelea. Nilikaa mbele ya sentensi ile kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, kwa sababu sentensi ile ni ya uongo, na mtu pekee katika shule hii aliyejua ni uongo ni mimi.

Wengi wenu mnaijua habari ya ile fomu moja. Miaka saba iliyopita baba wa msichana mmoja wa mwaka wa mwisho, naye mhandisi, alikuja na barua ya chuo. Bintiye alikuwa amekataliwa uhandisi kwa sababu alisoma Hisabati ya Matumizi. Msichana alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alichagua Uchambuzi, akajikuta amewekwa kwenye Matumizi. Fomu ikaletwa. Pembeni palikuwa na neno madaraja, kwa mwandiko wa Mwalimu Penseli. Kwenye kisanduku cha Matumizi palikuwa na tiki, imepitiwa na wino wa Mwalimu Penseli. Alivaa miwani, akaiangalia ile fomu kwa muda mrefu, akasema wino ni wake na kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo. Nafasi ya naibu mkuu wa taaluma, ambayo kila mtu alijua ni yake, ikapita pembeni. Ilinifikia mimi.

Sasa niwaambieni kilichotokea. Miaka miwili kabla ya kikao kile, wiki ya mwisho ya penseli, shemeji alikuwa anapasuliwa jicho, na dada akaomba ruhusa ya siku mbili. Aliniachia faili lote. Maagizo yake yalikuwa mafupi: mtu asifute kitu, anayetaka kubadilisha aandike jina lake kwenye karatasi ya pembeni, yeye akirudi atakaa naye. Siku ya pili, saa nne asubuhi, yule msichana akaja mbio. Alikuwa amefeli jaribio la hisabati na macho yalikuwa mekundu. Alitaka kuhama Uchambuzi aende Matumizi, leo hii, sasa hivi.

Mwaka ule Uchambuzi na Kemia ya ngazi ya juu ziligongana kwenye ratiba. Aliyechukua moja hakuweza kuchukua nyingine. Na darasa langu la Kemia ya ngazi ya juu lilihitaji wanafunzi wanane ili lifunguliwe, nami nilikuwa nao saba. Nilikuwa nimeshazunguka korido zote kumtafuta wa nane. Basi akawa huyo, amejileta mwenyewe. Nilimuuliza, akitoka Uchambuzi, haoni afadhali achukue na kemia, aache somo jingine? Akatikisa kichwa kukubali; angekubali chochote siku ile. Nikachukua raba. Nikafuta tiki mbili, nikaweka nyingine mbili, nikapuliza vumbi la raba. Haikuchukua dakika moja. Neno madaraja lilikuwa pale pale pembeni, nililiona kwa macho yangu mawili, na nikajiambia kwamba watoto hubadilika.

Dada alirudi siku ya kufunga akiwa hajalala vizuri tangu juzi yake. Msichana alikuwa safarini na timu ya kuogelea. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho, Mwalimu Penseli alipitisha wino kwenye fomu ambayo mwenyewe hakuwepo kusomewa, kwa sababu orodha zilitakiwa saa nane. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kumwambia. Nilimpa pole ya mgonjwa, nikaenda zangu kupanga chupa za maabara kwa ajili ya wanafunzi wangu wanane. Maombi ya chuo hushughulikiwa na ofisi nyingine, na kila ofisi ilidhani nyingine imeshaangalia. Ndivyo ilivyopita miaka miwili.

Na siku ya kikao cha baba mtu nilikuwepo pia, mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa darasa lile. Msichana aliniangalia mara moja, nikamwangalia. Yeye alimwogopa baba yake, mimi niliogopa kila kitu. Nilikuwa natafuta pa kuingilia, naapa nilikuwa natafuta, ndipo dada akasema kosa ni lake. Nikafyata ulimi. Mtu akisema alifungwa mdomo anatafuta wa kumlaumu. Mimi niliufunga mwenyewe.

Laiti ningekuwa nimemnyang'anya cheo tu. Nilichomfanyia ni kibaya zaidi. Yeye alikuwa anajua fika kwamba aliandika madaraja kwa mkono wake, na anajua kuliko mtu yeyote katika shule hii kwamba madaraja ni Uchambuzi. Alipoona wino wake uko kwenye Matumizi, alifikia jibu moja tu: kichwa chake kimeanza kumtoka. Tangu siku ile akawa anatoa fotokopi tatu za kila fomu. Akawa anakagua, anarudia, anarudia tena. Walimu vijana walimtania kwamba mashine ya fotokopi inamwamkia kila asubuhi, na mimi nilicheka nao. Sikuweza hata kunyamaza.

Kisha akaniomba nimsaidie. Alisema hajiamini tena peke yake siku ya wino, akanitaka nikae pembeni yake nimsomee masomo ya kila mtoto huku akipitisha kalamu, asije akaharibu tena. Miaka saba mfululizo nimekaa pale. Nasoma, anaandika, anauliza mdogo wangu una hakika, namjibu nina hakika dada. Na mwaka huu, mwezi wa pili, tulipomaliza fomu ya mwisho, akafunga kalamu akaniambia ameandika barua ya kustaafu mapema, anataka aondoke kabla hajamharibia mtoto mwingine maisha. Nilimwambia apumzike, amefanya kazi nyingi. Hayo ndiyo yaliyonitoka kinywani. Mungu anisamehe.

Kwa hiyo wiki tatu zilizopita niliacha ule wasifu wa kuchangamsha mezani, nikaenda ofisini kwake, nikakaa nikamweleza yote, kuanzia raba mpaka ulimi nilioufyata kwenye kikao. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Hakufanya lolote. Aliniuliza ilikuwa siku ya kwanza au ya pili. Nikamwambia ya pili. Akauliza yule binti alikuwa amekaa au amesimama. Nikamwambia amesimama, na mimi nimesimama. Akasema angekaa angeniambia ni jaribio moja tu lililomtisha. Halafu akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba kumbe kichwa chake ni kizima. Akarudia: kizima. Ndipo machozi yalipomtoka, na sikuwa na haki ya kumbembeleza.

Aliponyanyuka alikuwa yule yule tunayemjua, mwenye orodha. Alitaka kwanza niende kwa mkuu wa shule leo hii, sasa hivi. Maneno yale yale ya yule msichana, ingawa yeye hakujua. Nilikwenda. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili lake, na iliyoingia faili langu ni ndefu zaidi. Unaibu nimeuacha. Msichana nimemwandikia, yuko nje, aliishia kusoma takwimu na anafanya kazi ofisi ya hali ya hewa. Alijibu kwa kurasa nne zilizomwendea Mwalimu Penseli, si mimi, na kilichoandikwa humo ni siri yao.

Mkuu wa shule alimwomba dada ararue barua ya kustaafu, abaki miaka yake miwili. Tulidhani atakubali. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufurahi kimoyomoyo, nikidhani nimepona. Alikataa. Alisema ameshawakabidhi vijana mafaili, ameshaaga ofisi kichwani mwake kila siku kwa miaka saba, na hawezi kujifunza upya kujiamini kwa ajili ya miaka miwili. Alisema angependa sana kubaki. Lakini yule wa kubaki, alisema, ni yule wa kabla ya ile fomu, na huyo hajui amemwacha wapi. Hili ndilo ninalolijutia kuliko yote, wenzangu. Barua ya onyo imeondoka, nafasi nimeirudisha, ila miaka saba ya mtu kujishuku siwezi kuirudisha.

Mwisho alinipa sharti moja. Kamati ilipendekeza, kwa nia njema, kwamba nisome wasifu wa furaha na haya mengine yabaki ofisini. Dada alisema hapana. Alisema alisemwa mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu. Nisome yote, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi, nisiruke aya. Nilimuuliza kama nikimaliza atanipa mkono. Akasema hajui, ataamua nikishamaliza.

Mwalimu Penseli, kwa niaba ya watoto elfu moja na zaidi waliokaa mbele yako wakaambiwa ukweli, tunakushukuru. Yule aliyesoma fasihi ya kwao peke yake anakushukuru, na hata yule baba wa muziki, ambaye namwona amekaa safu ya tatu. Nenda kwa shemeji ukalale mpaka jua liingie chumbani. Asubuhi zako zisiwe na kengele, afya isikupungukie, na kila siku utakayoishi kuanzia kesho iwe yako mwenyewe. Kichwa chako ni kizima. Kilikuwa kizima siku zote, na mimi nilijua.

Nimemaliza kusoma, dada.